Kuchagua Brashi Kubwa ya Manyoya ya Melesi

Katika lugha ya Kifaransa neno blaireau lina maana mbili. Maana ya kwanza ni mnyama wa porini mwenye miguu mifupi na uso wa milia mieupe na myeusi. Maana ya pili ni brashi ya kupakia povu la sabuni kabla ya kunyoa ndevu. Neno hilo moja linaonyesha jinsi chombo hicho kilivyofungamana na manyoya ya mnyama huyo. Hata leo brashi iliyotengenezwa kwa manyoya hayo huuzwa kwa bei kubwa kuliko brashi za kawaida, na kadiri brashi inavyokuwa kubwa ndivyo bei inavyozidi kupanda.

Mnunuzi anayesimama mbele ya rafu ya brashi hizo kwa kawaida huamini mambo mawili: kwamba brashi kubwa ni bora kuliko ndogo, na kwamba maneno yaliyoandikwa juu ya kisanduku ni ya kweli. Imani ya kwanza ni sahihi kwa sehemu tu, kama hesabu fupi itakavyoonyesha. Imani ya pili iligharimu maisha ya watu katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo suala la kuchagua brashi, ingawa linaonekana dogo, linafaa kuchunguzwa kwa njia ya kisayansi.

Mnyama na jamaa zake

Mnyama anayehusika ni wa jenasi ya Meles, na hapa ataitwa melesi. Yeye ni wa familia ya Mustelidae, ambayo ndani yake wamo pia kicheche, fisi-maji na nyegere. Melesi wa Ulaya, Meles meles, huishi katika mashimo marefu anayoyachimba mwenyewe, na hutoka usiku kutafuta nyungunyungu, wadudu na matunda. Melesi wa Asia, Meles leucurus, hupatikana katika nchi kadhaa za bara hilo, China ikiwa mojawapo.

Hapana budi kuondoa utata mmoja. Katika Afrika Mashariki si ajabu kusikia melesi akiitwa nyegere, kwa kuwa majina yao ya Kiingereza yanafanana. Nyegere, Mellivora capensis, ni mnyama mwingine kabisa, maarufu kwa kuvunja mizinga ya nyuki, wala si yeye anayetoa manyoya ya brashi hizi. Melesi wa kweli haishi katika nchi zetu.

Nchini Uingereza melesi amelindwa kwa sheria tangu mwaka 1973, na ulinzi huo ukaimarishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kumwua, au kuharibu shimo lake bila kibali, ni kosa la jinai. Ndiyo maana hata brashi zinazotengenezwa Uingereza hutumia manyoya kutoka nje, na sehemu kubwa ya manyoya hayo hutoka China.

Umbo la unywele mmoja

Melesi ana tabaka mbili za manyoya: tabaka la chini la manyoya mafupi na mororo, linalohifadhi joto la mwili, na tabaka la juu la nywele ndefu zenye nguvu. Brashi hutengenezwa kwa nywele za tabaka la juu. Kila unywele umeundwa kwa keratini, protini ile ile inayounda kucha, pembe, kwato na ndevu za binadamu. Kwa nje umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ndani yake mna nyuzi nyingi za keratini zilizoshikamana. Na katikati kabisa hupita kiini chenye nafasi za hewa.

Unywele wa melesi hauna unene ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Huwa mnene katika sehemu ya kati, kisha huchongoka kuelekea nchani. Rangi yake nayo hubadilika: chini ni nyeupe iliyofifia, juu yake kuna mkanda mweusi, na ncha ni nyeupe tena. Umbo hilo ndilo linaloipa brashi sifa mbili ambazo kwa kawaida hupingana, yaani ncha laini inayogusa ngozi bila kuchoma na kiwiliwili kigumu cha kutosha kuchanganya sabuni.

Ugumu huo unaweza kuelezwa kwa hesabu. Unywele uliokazwa mpinini hufanana na ufito uliochomekwa ardhini: ncha ikisukumwa, ufito hupinda, na kani inayohitajika kuupinda hutegemea unene na urefu wake. Mafundisho ya unyumbufu yanaonyesha kwamba ugumu wa ufito wa mviringo huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, na hupungua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake. Kwa hiyo unywele ulio mnene kuliko mwingine kwa asilimia 10 tu huwa mgumu zaidi kwa takribani asilimia 46. Kadhalika, urefu wa unywele ukiongezwa kutoka milimita 50 hadi milimita 55, ugumu wake hubaki robo tatu ya ule wa awali. Tofauti ambayo jicho halioni dukani huhisiwa mara moja na shavu.

Kazi ya brashi

Watu wengi hudhani kazi ya brashi ni kupaka sabuni tu. Ukweli ni kwamba kazi yake ya kwanza ni kubeba maji. Ndevu kavu ni ngumu kukata. Zinapolowa, maji huingia ndani ya keratini na kulegeza vifungo vya haidrojeni vinavyoshikilia molekuli zake. Unywele huvimba na hukatika kwa kani ndogo zaidi. Mabadiliko hayo huhitaji dakika kadhaa, na huharakishwa na maji ya uvuguvugu. Povu zuri ni njia ya kuyaweka maji hayo shavuni yasitiririke wala kukauka kabla wembe haujapita.

Maji katika brashi hukaa mahali pawili. Sehemu yake hufyonzwa na nywele zenyewe. Sehemu iliyo kubwa zaidi hushikwa katika nafasi nyembamba zilizo kati ya unywele na unywele, kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta katika utambi wa kandili. Kwa sababu hiyo si aina ya nywele tu inayoamua kiasi cha maji ambacho brashi hubeba. Idadi ya nywele, unene wake na jinsi zilivyosongamana ni mambo yenye uzito huo huo.

Sabuni nayo ina kazi yake. Molekuli ya sabuni ina ncha moja inayopenda maji na nyingine inayoyakimbia. Mvutano wa uso wa maji safi katika nyuzijoto 25 za Selsiasi ni takribani millinyutoni 72 kwa kila mita. Sabuni huushusha hadi chini ya nusu ya kiwango hicho, na utando mwembamba wa maji huweza kuzunguka hewa bila kupasuka upesi. Maelfu ya ncha za nywele zinapozungushwa juu ya sabuni huingiza hewa na kuikatakata kuwa viputo vidogo vidogo. Kadiri viputo vinavyokuwa vidogo ndivyo povu linavyokuwa zito na la kudumu.

Hapa inafaa kutaja kosa linalowapata watu wengi wa pwani. Visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji magumu, yaani maji yenye chumvi za kalisi na magnesi. Chumvi hizo huungana na sabuni na kufanya utando mchafu usioyeyuka. Mtu anayetumia maji ya namna hiyo anaweza kununua brashi ya bei kubwa kuliko zote na bado akakosa povu. Kasoro haipo katika brashi; imo ndani ya ndoo. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati safi yatamfaa zaidi kuliko brashi mpya.

Hesabu ya ukubwa

Brashi hupimwa kwa vipimo viwili: kipenyo cha fungu la nywele pale linapoingia mpinini, na urefu wa nywele kutoka ukingo wa mpini hadi nchani. Brashi ndogo inaweza kuwa na kipenyo cha milimita 20 na urefu wa milimita 50, na kubwa ikawa na kipenyo cha milimita 28 na urefu wa milimita 55. Tofauti ya vipenyo hivyo ni milimita 8 tu, lakini eneo la duara hutegemea mraba wa kipenyo. Eneo la kwanza ni milimita za mraba 314, na la pili ni 616. Tukichukulia kila fungu kuwa mcheduara, ujazo wa brashi ndogo ni takribani sentimita za ujazo 15.7, na wa kubwa ni 33.9. Brashi iliyoonekana kubwa kidogo kumbe ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake.

Matokeo ya hesabu hiyo ni ya faida na hasara. Brashi kubwa hubeba maji na povu la kutosha kupaka uso mara mbili au tatu bila kurudi kwenye sabuni. Huhifadhi joto kwa muda mrefu zaidi, maana kitu kikubwa hupoa polepole kuliko kidogo chenye umbo hilo hilo. Hugusa shavu pana kwa mzunguko mmoja. Kwa upande mwingine hutumia sabuni nyingi zaidi, haiingii vizuri katika kikombe chembamba, na ni vigumu kuiongoza chini ya pua na kando ya masikio, hasa kwa kuwa nywele zilizolowa hutanuka kupita kipenyo kilichopimwa dukani. Aidha, huchelewa kukauka. Mahali penye unyevu mwingi hewani, kama Zanzibar au Mombasa wakati wa masika, fungu nene linaweza kubaki na maji kwenye shina hadi siku ya pili, na ukungu ukapata makao.

Hasara nyingine imo katika ule uhusiano wa urefu na ugumu. Mtengenezaji anayetaka brashi ionekane kubwa kwa gharama ndogo anaweza kurefusha nywele bila kuongeza idadi yake. Brashi kama hiyo huvutia rafuni, lakini inapolowa hulala kama majani yaliyopigwa na mvua. Kipimo chepesi ni kulinganisha vipimo viwili vilivyotajwa: urefu ulio karibu na mara mbili ya kipenyo hutoa brashi ya wastani, ukizidi hapo sana, brashi huelekea kuwa legevu, ukipungua, huwa ngumu.

Jina la kisandukuni

Mbali na ukubwa, mnunuzi hukutana na madaraja. Watengenezaji huziita brashi zao za melesi kuwa safi, bora, bora sana, au za ncha ya fedha. Kwa kawaida daraja la chini huwa la nywele nyeusi na nzito, na la juu huwa la nywele nyembamba zenye ncha nyeupe. Lakini hakuna kipimo cha kimataifa kinachotenganisha madaraja hayo. Kila kiwanda hujipangia, na daraja la kati la kiwanda kimoja linaweza kushinda daraja la juu la kingine.

Udhaifu wa jina lisilo na kipimo ulidhihirika kwa namna ya kusikitisha wakati wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Askari walitakiwa kunyoa ndevu, na zilipoanza kutumika gesi za sumu sababu ya kunyoa iliongezeka, kwani barakoa ya kuzuia gesi haishiki barabara kwenye uso wenye ndevu. Mahitaji ya brashi yakapanda ghafla, huku vita vikivuruga njia za kawaida za biashara ya manyoya na usafishaji wake. Viwanda vikatumia singa za farasi kutoka Asia, nyingi zikiwa zimetengenezwa zifanane na manyoya ya melesi.

Baadhi ya singa hizo zilikuwa na spora za Bacillus anthracis, bakteria wa ugonjwa wa kimeta. Robert Koch alikuwa ameeleza maisha ya bakteria huyo tangu mwaka 1876, na ilijulikana kwamba spora zake hustahimili ukavu kwa miaka mingi. Singa zisizotakaswa ziliingia katika brashi, brashi ikapita juu ya ngozi iliyokwaruzwa na wembe, na siku chache baadaye kidonda chenye kovu jeusi kikatokea shavuni au shingoni. Wakati huo dawa za viuavijasumu zilikuwa hazijapatikana. Kati ya mwaka 1915 na katikati ya miaka ya 1920 watu wengi, askari na raia, waliugua kwa njia hiyo katika Uingereza na Marekani, na baadhi yao walikufa. Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka 1919, na mwaka 1920 serikali ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuiona habari hiyo kuwa ya mbali. Kimeta kingali kinaua mifugo na wanyamapori wetu. Mwaka 2015 kiliua nyati wengi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru nchini Kenya. Onyo wanalopewa wafugaji wasichune mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla lina msingi ule ule: spora husafiri na ngozi na manyoya. Brashi zinazotengenezwa leo kwa manyoya yaliyotakaswa hazina hatari hiyo. Hata hivyo, mwaka 2017 jarida la Emerging Infectious Diseases la Marekani lilichapisha mapitio ya historia hii, kwa sababu watu walikuwa wameanza tena kununua brashi za kale. Brashi ya miaka ya vita ile ni kitu cha kutazamwa, si cha kupitishwa usoni, na haifai mtu kujaribu kuitakasa mwenyewe nyumbani.

Majaribio matatu

Ikiwa jina halitoshi, mnunuzi atajuaje anachonunua? Majaribio matatu yanaweza kufanywa hata katika maabara ya shule ya sekondari, kwa brashi yoyote, ikiwamo ya kupakia rangi.

Jaribio la kwanza ni la moto. Unywele mmoja uliodondoka hushikwa kwa kibanio na kusogezwa kwenye mwali. Unywele wa mnyama hujikunja, hutoa harufu ya nywele zilizoungua kwa sababu ya salfa iliyomo katika keratini, na huacha majivu meusi yanayosagika. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Lakini mwanafunzi asiende mbali kuliko ushahidi wake. Jaribio hili hutenganisha mnyama na kiwanda. Haliwezi kutenganisha melesi na farasi wala nguruwe, kwani keratini ni ya wote.

Jaribio la pili hutumia kioo cha kukuzia au hadubini. Unywele wa melesi uliokomaa kwa asili huonyesha ncha iliyochongoka polepole. Ncha butu ni alama ya kukatwa kwa mkasi ili fungu lipate umbo, na ncha za namna hiyo ndizo zinazochoma ngozi. Chini ya hadubini, mpangilio wa magamba na kiini cha unywele hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Mwalimu anaweza kulinganisha unywele wa ng'ombe, wa mbuzi na wa binadamu. Mkanda mweusi peke yake si ushahidi, kwa kuwa rangi hupakwa.

Jaribio la tatu ni la mizani. Brashi kavu hupimwa uzito, huchovywa majini kwa dakika mbili, hutikiswa mara tatu kwa nguvu ile ile, kisha hupimwa tena. Tofauti ni maji yaliyobebwa. Kiasi hicho kikigawanywa kwa ujazo wa fungu la nywele, brashi ndogo na kubwa huweza kulinganishwa kwa haki. Ndipo itakapojulikana kama kinachobeba maji zaidi ni manyoya yenyewe au ni ukubwa tu.

Uhai wa mnyama

Lipo jambo ambalo mizani haipimi. Kondoo hukatwa manyoya akabaki hai. Melesi huuawa ndipo manyoya yake yapatikane. Mwaka 2018 shirika la kutetea wanyama la PETA lilitoa taarifa na picha kuhusu mateso ya melesi katika mashamba nchini China, na baadhi ya makampuni ya brashi yakatangaza kuacha manyoya hayo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza manyoya yametoka wapi, na jibu la kukwepa ni jibu.

Kwa bahati nzuri, leo hana ulazima wa kununua manyoya. Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, na mwaka 1938 ikaanza kuuzwa katika miswaki. Nyuzi za kwanza zilikuwa na unene ulio sawa, nazo hazikuweza kushindana na umbo la unywele wa melesi. Viwanda vya sasa hutengeneza nyuzi za poliyesta zilizochongolewa ncha, yaani vimeiga ile siri ya umbo. Nyuzi hizo hazifyonzi maji mengi, lakini kwa kuwa maji mengi ya brashi hukaa kati ya nyuzi, upungufu huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Tena hukauka upesi, jambo lenye thamani pwani.

Kwa jumla, anayetaka brashi kubwa na aanze na rula, si na jina. Apime kipenyo na urefu, alinganishe uwiano wake, atazame ncha kwa kioo, aulize asili ya manyoya, na akumbuke kikombe chake, maji ya kisima chake na unyevu wa nyumba yake. Brashi ya milimita 24 yenye nywele za kutosha inaweza kumfaa kuliko ya milimita 30 iliyorefushwa kwa ajili ya rafu. Waliougua baada ya mwaka 1915 hawakuwa wajinga. Waliuziwa jina, wala hawakuwa na njia ya kulipima. Mwanafunzi mwenye kioo cha kukuzia na mizani anayo njia hiyo leo.